Weinberg, Pettersson, Bacewicz, Holmboe au Price: Uanze na Nani?

Anayependa simfonia, yaani kazi ndefu za okestra, hufika mahali akaona amezunguka vya kutosha. Beethoven amemsikia, Brahms amemsikia, Mahler na Shostakovich anawajua, na ratiba za kumbi na redio zinaendelea kumpa majina hayo hayo. Wakati huohuo karne ya 20 imeacha shehena ya simfonia zilizoandikwa na mafundi wa kweli, zikachezwa mara moja au mbili, kisha zikarudishwa kabatini. Nyingi kati ya hizo sasa zimerekodiwa vizuri, kwa hiyo kuzipata si shida tena. Shida ni kuchagua. Mieczysław Weinberg peke yake ana simfonia 22 zenye namba, Vagn Holmboe ana 13, na Mwingereza Havergal Brian aliandika 32. Ukianza na namba 1 ukaenda kwa mpangilio, utachoka kabla hujafika kwenye utamu.

Hapa ninalinganisha watunzi watano ninaowapenda kwa dhati na ambao ningependa wapate wasikilizaji wengi zaidi. Wengine wawili nitawapitia kwa haraka. Sitawapanga kwa ubora. Ninachouliza ni muziki wa kila mmoja unamdai nini msikilizaji: muda mrefu bila kupumua, uvumilivu wa sauti nzito, sikio la kufuata mdundo, au hamu tu ya melodi nzuri?

Nina msimamo mmoja katika hili. Watunzi waliosahaulika huuzwa kwa visa vya maisha yao: vita, jela, ugonjwa, ubaguzi. Visa hivyo ni vya kweli na vinauma, na baadhi nitavieleza kwa kuwa vimeingia ndani ya muziki wenyewe. Lakini kisa hukufanya usikilize mara ya kwanza tu. Mara ya pili na ya tano hurudishwa na sauti. Kwa hiyo usimchague mtunzi kwa kumhurumia, mchague kwa kuangalia sikio lako limezoea nini.

Pettersson na Weinberg: majonzi mawili tofauti

Nawaanza hawa kwa sababu ndio wanaochanganywa zaidi. Wote wawili wana muziki mzito, wote waliandika simfonia nyingi, na wote wanatajwa pumzi moja na Shostakovich au Mahler. Ukiwasikiliza kwa karibu, hawafanani hata kidogo.

Allan Pettersson alizaliwa Uswidi mwaka 1911 na kukulia katika umaskini huko Stockholm. Alikuwa mpiga viola (fidla ya sauti ya chini kidogo) wa okestra kabla ya kugeukia utunzi moja kwa moja, na ugonjwa wa baridi yabisi ukamharibu viungo katika miaka ileile aliyokuwa akiandika kazi zake kubwa. Simfonia yake ya 7 ilichezwa kwa mara ya kwanza Oktoba 1968 na Okestra ya Filharmoniki ya Stockholm chini ya Antal Dorati, ambaye pia aliirekodi. Ndiyo iliyomtoa gizani, na hata leo ndiyo mlango wake.

Jambo la kwanza la kujua kuhusu simfonia hiyo ni kwamba haina vituo. Ni sehemu moja tu, zaidi ya dakika 40 mfululizo. Inaanzia chini, kwenye sauti nzito za okestra, na kijisauti kifupi kinarudiwa na kurudiwa mpaka unaanza kukisikia hata pale ambapo hakipo. Shinikizo linapanda, linalegea kidogo, linapanda tena. Ngoma na ala za shaba zinasukuma kama kwamba hazitachoka. Halafu, ukishavuka nusu na ukishakata tamaa ya kupata nafuu, nyuzi zinafungua wimbo mrefu, mpana, mtulivu, ambao hauna haraka ya kwenda popote. Wimbo huo usingekuwa na nguvu hiyo kama usingeungojea. Ukiruka mbele kwenda kuutafuta peke yake utasikia nyuzi nzuri, basi. Ukiusubiri, utaelewa kwa nini kuna watu wanaomsikiliza Pettersson maisha yao yote.

Hiyo ndiyo bei yake, na ni bei kubwa. Pettersson hasikilizwi huku unafanya jambo lingine. Hakupi pumziko la kati ya sehemu ambalo ungeweza kujinyoosha. Kwa aliyezoea Bruckner na Mahler, hilo halina shida, maana tayari anajua kusubiri dakika 20 ili mlango mmoja ufunguke. Kwa aliyezoea vipande vya dakika 5, ni heri asianze hapa. Na akishaipenda ya 7, asikimbilie ya 9, inayozidi saa moja na ni ngumu zaidi. Aende kwenye ya 8, ambayo ina sehemu mbili na inapumua vizuri zaidi, au arudi nyuma hadi ya 6.

Weinberg anauma kwa namna nyingine kabisa. Alizaliwa Warsaw mwaka 1919 katika familia ya Kiyahudi, baba yake akiwa mwanamuziki wa tamthilia. Wajerumani walipoivamia Poland mwaka 1939 alikimbilia mashariki, kwanza Minsk na kisha Tashkent. Wazazi wake na dada yake walibaki, na wote wakauawa. Shostakovich aliona maandishi ya simfonia yake ya kwanza na kumsaidia kuhamia Moscow mwaka 1943. Baba mkwe wa Weinberg, mwigizaji mashuhuri Solomon Mikhoels, aliuawa mwaka 1948 kwa amri ya utawala wa Stalin. Weinberg mwenyewe alikamatwa Februari 1953, na ni kifo cha Stalin mwezi uliofuata kilichofungua njia ya kuachiwa kwake.

Sikiliza sasa muziki wenyewe, utashangaa jinsi ulivyo mtulivu. Pettersson anaijaza okestra mpaka inafurika, naye Weinberg anaitoa watu. Katika simfonia zake kuna kurasa ndefu ambapo okestra nzima imenyamaza na fidla moja, au klarineti moja, au besi peke yake inaendelea kuongea. Mara nyingi hufanya simfonia kwa vifaa vya muziki wa chumbani, yaani wa kikundi kidogo, na kazi zake nyingi huishia chini, bila makofi ya kulazimisha. Kelele zipo, hasa katika Simfonia ya 5 ya mwaka 1962 ambayo Kirill Kondrashin aliiongoza kwa mara ya kwanza, lakini zinakuja kama tukio, haziishi humo.

Kazi ya kumpima ni Simfonia ya 21, iliyokamilika mwaka 1991 na kupewa jina la Kaddish, sala ya Kiyahudi ya wafiwa. Ameitoa kwa kumbukumbu ya waliokufa katika geto la Warsaw, mtaa walikofungiwa Wayahudi wakati wa vita. Inakaribia saa moja. Humo ndani fidla pekee inarudi mara kwa mara kama mtu anayetembea katika mtaa uliobomoka, na ghafla piano inaleta vipande vya Balada ya kwanza ya Chopin, muziki wa mji aliozaliwa Weinberg, vikikatika kabla ya kukamilika. Kuelekea mwisho inaingia sauti ya soprano isiyo na maneno. Katika rekodi ya Mirga Gražinytė-Tyla na Okestra ya Simfonia ya Jiji la Birmingham, pamoja na Kremerata Baltica na Gidon Kremer kwenye fidla, sauti hiyo aliiimba Gražinytė-Tyla mwenyewe, ambaye ndiye kondakta, yaani kiongozi wa okestra. Ilitoka mwaka 2019 kwa lebo ya Deutsche Grammophon, na sijui rekodi iliyomfanyia Weinberg wema mkubwa kuliko hiyo.

Watu husema Weinberg ni Shostakovich mdogo. Siwalaumu wanaosema hivyo baada ya kusikia dakika 10, kwa kuwa lugha ni moja: wote walikaa mji mmoja, walionyeshana kazi mpya, na mwaka 1954 waliirekodi pamoja Simfonia ya 10 ya Shostakovich kwa mikono minne kwenye piano. Tofauti iko kwenye hasira. Shostakovich hukejeli, hukunja uso, huwacheka wakubwa. Kwa Weinberg kejeli ni chache mno. Anaomboleza waziwazi, na melodi zake za asili ya Kiyahudi zinabaki nyimbo, hazigeuzwi kuwa vinyago.

Basi ukinibana nichague kati ya hawa wawili kwa ajili yako, nitakuuliza swali moja: muziki wa huzuni unaoupenda ni ule unaokuzidi nguvu, au ule unaokaa karibu nawe na kusema kwa sauti ya chini? Wa kwanza ni Pettersson. Wa pili ni Weinberg. Asiye na uhakika aanze na Simfonia ya 2 ya Weinberg, ya mwaka 1946, ya ala za nyuzi tupu. Ni fupi kuliko zote nilizozitaja katika sehemu hii, na haimkatishi mtu tamaa.

Bacewicz na Holmboe: kwa wanaotaka mwendo

Si kila mtu anatafuta majonzi, na ni dhuluma kwamba watunzi wa karne ya 20 wanaofufuliwa ni wale wa majonzi tu. Grażyna Bacewicz na Vagn Holmboe walizaliwa mwaka mmoja, 1909, yeye Poland na mwenzake Denmark, na muziki wao una afya ambayo sikio lililochoka linaihitaji.

Bacewicz alikuwa mpiga fidla wa daraja la juu. Miaka ya 1936 hadi 1938 alikaa kiti cha mbele, cha kiongozi wa fidla, katika okestra ya Redio ya Poland, na hilo unalisikia mara moja: nyuzi zake hazikai kamwe kama pazia nyuma ya wengine. Zinakimbia, zinarukia, zinabishana, na kila mstari umeandikwa na mtu anayejua vidole vinaenda wapi. Ana simfonia nne zenye namba, za mwaka 1945 hadi 1953. Ya 3 na ya 4 zimerekodiwa pamoja na Sakari Oramo akiongoza Okestra ya Simfonia ya BBC kwa lebo ya Chandos. Ni muziki wa misuli, wenye sehemu nne za kawaida, ulioandikwa wakati dola ya Poland ikidai watunzi waandike mambo mepesi ya kueleweka na wote. Aliwapa uwazi waliouomba bila kushusha kiwango.

Hata hivyo, mlango wake bora kwangu si simfonia yenye namba. Ni Muziki wa Nyuzi, Tarumbeta na Ala za Kugonga, wa mwaka 1958, wa kama dakika 20. Tarumbeta ni tano. Wazia ugumu wake: tarumbeta tano zinaweza kuizika okestra ya nyuzi kwa pumzi moja, lakini hapa zinatumika kama makali, zinakata na kuondoka, na nyuzi zinaendelea na mbio zao. Sehemu ya kati inashusha mwendo na kuingiza giza, kisha ya mwisho inakurudisha kwenye kasi. Anayempenda Bartók ataona yuko nyumbani.

Holmboe ana njia ya polepole zaidi ya kukupata. Yeye hujenga simfonia kwa kubadilisha taratibu: anakupa kipande kidogo cha nota chache mwanzoni, na kila kinachofuata kinaota kutoka humo, kinanyooshwa, kinageuzwa, kinabadilishwa mwendo, mpaka unafika mwisho ukiwa na kitu kipya ambacho bado unakitambua. Hakuna pambo. Hakuna mahali anapobembeleza. Wanaompenda Sibelius na Nielsen humwelewa haraka, na sielewi kwa nini kumbi zinazowacheza hao wawili kila msimu zinamwacha huyu nje. Simfonia yake ya 8, ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, ndiyo ya kuanza nayo. Sehemu ya kwanza inakushika shingo mapema na haikuachi. Rekodi za simfonia zake zote ziko kwa lebo ya BIS, Owain Arwel Hughes akiongoza Okestra ya Simfonia ya Aarhus.

Nikiwaweka bega kwa bega: Bacewicz anampendeza msikilizaji mara ya kwanza, Holmboe anaongezeka kila unaporudi. Ukiwa na nusu saa na unataka kuamka, Bacewicz. Ukiwa mtu wa kufuata jinsi kitu kinavyojengwa, hata bila kusoma nota, Holmboe, na utarudi kwake kwa miaka.

Price: kwa anayetaka melodi kwanza

Florence Price ni mlango rahisi kuliko yote, na wapo wanaomdharau kwa sababu hiyohiyo. Wanakosea. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akahamia Chicago miaka ya 1920. Tarehe 15 Juni 1933 Okestra ya Simfonia ya Chicago, ikiongozwa na Frederick Stock, ilicheza Simfonia yake ya 1 ya E maina. Hakuna mwanamke Mmarekani mweusi aliyekuwa amewahi kuchezewa simfonia na okestra kubwa kabla yake. Baada ya hapo milango ilifungwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1943 alimwandikia kondakta Serge Koussevitzky wa Boston akimtajia wazi kwamba ana vikwazo viwili, jinsia na rangi, na kumwomba aziangalie nota zake kwa ubora wake tu. Koussevitzky hakuicheza kazi yake hata moja. Mwaka 2009 rundo kubwa la maandishi yake lilikutwa katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois. Simfonia ya 4, aliyoiandika mwaka 1945, ilisubiri hadi mwaka 2018 ndipo ikachezwa.

Nimesema kisa kisitumike kama sababu ya kuchagua, kwa hiyo hebu tuingie kwenye sauti. Simfonia ya 1 iko katika ufunguo uleule wa ile ya Dvořák ya Ulimwengu Mpya, na ukoo unasikika. Sikiliza sehemu ya pili. Ala za shaba zinaimba tenzi kama kwaya ya kanisani, kwa sauti ya kujaa na ya pole, na ala za mbao zinajibu kati ya mistari. Kisha sehemu ya tatu inaitwa Juba, ngoma ya Waafrika waliokuwa watumwa Marekani, iliyochezwa kwa kupiga makofi, mapaja na miguu. Price anauhamisha mdundo huo kwenye nyuzi na kuuacha uchezeke kweli. Katika simfonia nyingi mahali hapo hukaa dansi ya Kijerumani au ya Kicheki. Yeye aliweka ya watu wake, na hakuomba radhi.

Udhaifu wake upo, na anayekuchagulia muziki ana wajibu wa kuutaja. Sehemu ya kwanza ya Simfonia ya 1 ni ndefu kuliko mawazo yake, na mishono kati ya kipande na kipande huonekana. Simfonia ya 3, ya mwaka 1940, imeshikamana zaidi na ina rangi kali zaidi. Yannick Nézet-Séguin na Okestra ya Philadelphia wamezirekodi zote mbili pamoja, kwa hiyo huhitaji kuchagua. Ukishasikia ya 1 na kupenda melodi, ya 3 itakuonyesha alifika wapi.

Wawili wa kando

Galina Ustvolskaya wa Urusi simpendekezi kwa kuanzia, ila mtu akiniambia amechoshwa na okestra kubwa ndipo humtaja. Simfonia yake ya 4 ina watu wanne tu: mwimbaji wa sauti nzito ya kike, tarumbeta, piano na gongo kubwa. Haifiki dakika 10. Ni sala iliyopigwa kwa nyundo. Utajua ndani ya dakika 2 kama ni yako au si yako, na majibu yote mawili ni halali.

Robert Simpson wa Uingereza aliandika simfonia 11, na anamfaa anayempenda Beethoven kwa nguvu za mwendo wake kuliko kwa melodi. Simfonia ya 9, iliyorekodiwa na Vernon Handley kwa lebo ya Hyperion, inatembea karibu dakika 50 bila kukatika, juu ya mapigo yaleyale ya chini. Kati ya wote niliowataja, huyu ndiye anayehitaji spika nzuri. Kwa spika ndogo za simu, nusu ya kazi yake inapotea.

Rekodi, kama unabaki na chaguo mbili

Kwa Pettersson kuna mifululizo miwili mikubwa, wa lebo ya CPO wenye makondakta na okestra mbalimbali, na wa BIS ambao sehemu kubwa imeongozwa na Christian Lindberg na Okestra ya Simfonia ya Norrköping. Chukua wa BIS. Sauti ni wazi zaidi, na katika muziki uliojaa namna ile uwazi ndio unaokuwezesha kusikia viola zikiongea chini ya shaba. Kwa Simfonia ya 7 peke yake, mtafute Dorati pia. Rekodi yake ni ya zamani na sauti imebana, lakini anakwenda kwa kasi kidogo na hairuhusu huzuni ilale.

Kwa Weinberg, toleo la Birmingham nililolitaja lina Simfonia ya 2 na ya 21 pamoja, yaani kazi ya kuanzia na kazi ya kufikia ziko mahali pamoja. Usizisikilize siku moja. Anza na ya 2, irudie mpaka uanze kuzitambua sauti zake, halafu itafutie ya 21 jioni ambayo huna jambo lingine la kufanya.

Na kama bado umekwama kabisa, usijue pa kushika, weka Muziki wa Nyuzi, Tarumbeta na Ala za Kugonga wa Bacewicz na mara baada yake Simfonia ya 8 ya Holmboe. Zote mbili pamoja haziizidi saa moja kwa mengi. Ukijikuta unazifuata tarumbeta, nenda kwa Price na Bacewicz zaidi. Ukijikuta unasubiri kuona wazo litageukia wapi, baki na Holmboe, kisha umfuate Simpson. Na ukizipenda zaidi zile sehemu za polepole, nenda moja kwa moja kwa Weinberg.